Imeanguka Ndani ya Injini

Mbuzi wa susu alimeza ufunguo. Naanza na huyo mbuzi kwa sababu kila nikijaribu kuanza na garage, naona mbuzi anapita mbele yangu. Susu ni nyanya, kwa nyinyi msiojua Kikamba. Ilikuwa kwetu Mwala, mimi bado nachunga, sijui gari lina nini ndani zaidi ya watu wakubwa. Ufunguo ulikuwa wa josho la ng'ombe, na aliyeutunza alikuwa mzee mmoja wa kamati. Aliufunga kwa kamba ya katani, akaivaa shingoni mpaka kamba ikajaa chumvi ya jasho. Siku moja akaivua, akalala kando ya boma letu. Kuamka, kamba hakuna, na mbuzi wa susu anatafuna polepole kama mtu mwenye siri.

Wanaume wakakusanyika. Wote walisema achinjwe, hakuna njia nyingine. Kumbe mmoja alikuwa tayari na chumvi imefungwa kwenye karatasi, mfukoni. Hata hatujakubaliana, yeye ameshabeba chumvi. Susu aliiona hiyo karatasi, akauliza ni ufunguo wanatafuta ama ni nyama. Akamfunga mbuzi mlangoni, akampa maji na majani laini, na kila asubuhi akafagia pale nyuma ya mbuzi akichokora kwa kijiti, bila aibu. Ufunguo ulitoka. Josho likafunguliwa, mbuzi akazaa mara nyingi baada ya hapo. Yule mwenye chumvi alienda nyumbani amekasirika, kama ameibiwa.

Nilimsahau huyo mtu miaka mingi. Baadaye nilikuja kukutana naye garage, tena na tena, kwa sura tofauti.

Sasa nyinyi vijana mliobaki na spana mmeniomba niandike ile kazi ilikuwaje. Sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, na mwalimu alinichoka kabla mimi sijamchoka. Kwa hivyo mkiona nimeenda kando, ngojeni tu, nitarudi.

Nilikuja Machakos mjini mwanzo wa miaka ya tisini, mtu mzima, baba ya watoto, baada ya kiangazi kumaliza ng'ombe. Nilibeba mawe kwanza. Hapo sina la kusema, jiwe ni jiwe. Halafu jirani akaniambia kuna garage nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga, mwenyewe anaitwa Nzioka, anataka mtu wa kuosha vyuma na mafuta ya taa. Nikaenda. Nzioka alikuwa mfupi, suruali yake ameifunga na mkanda wa feni ya lori, na alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa Mhindi mmoja Nairobi. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliangalia kucha zangu, akanionyesha karai.

Siku hiyohiyo ya kwanza, mimi nimeinama kwenye karai, Nzioka ameingiza kichwa kwenye gari kuukuu la kutoka Uingereza, nikamsikia akisema bila kupaza sauti, "Imeanguka."

Garage nzima ikasimama. Mtu wa kuchomelea akazima. Nyundo ikawekwa chini. Redio ikanyamazishwa na yule aliyekuwa karibu nayo. Mmoja akaenda moja kwa moja akatoa waya wa betri, mwingine akaleta tochi, mwingine akasimama mbele ya bampa kama askari ili mtu asilisukume gari. Mimi nilidhani kuna aliyekufa. Nilivua kofia. Kumbe ni washa, ile pete ya chuma inayokaa chini ya nati, tena ndogo kama punje ya mahindi.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pale, na ilikuwa fupi. Kitu kikiponyoka mkononi kikaingia ndani ya injini, unasema neno hilo hapohapo, kabla hakijamaliza kubingirika. Wote wanaacha kazi. Injini haizungushwi hata kidogo, mpaka kitu kitoke. Na hakuna anayeuliza ni nani ameangusha. Si siku hiyo, si wiki ijayo kwenye chai, si mbele ya mwenye gari. Nilimuuliza Nzioka kwa nini haturuhusiwi hata kucheka. Alijibu, "Ukiuliza ni nani, kesho mtu hatasema. Na asiposema, mimi nitajuaje?" Akarudi ndani ya gari. Ndiyo masomo yote niliyopata kwake kwa maneno. Mengine alinionyesha kwa kunipiga vidole na bisibisi.

Nyinyi leo mnaona kitu kuanguka ndani ni mkosi. Si mkosi, ni kazi ya kila siku. Magari ya zamani yalitengenezwa na watu wenye mikono myembamba wanaokaa kwenye baridi. Sisi mikono yetu ina jasho, nati imejaa oili, na ile nafasi ya kuingiza vidole ilipimwa na mtu asiyetupenda. Itaanguka tu. Fundi anayesema hajawahi kuangusha kitu, msimpe gari lenu. Huyo anaangusha na ananyamaza.

Nzioka alikuwa na kitambaa cheupe, kipande cha shuka, anakitandika juu ya bawa la gari, pale juu ya gurudumu. Kila anachofungua anakiweka hapo kwa mpangilio, cha kwanza kushoto. Kitu kikikosekana, pengo linaonekana wazi kama jino. Tena alikuwa anaziba kila tundu la injini kwa kitambaa chenye kamba, na ile kamba anaifunga kwenye kioo cha pembeni. Vijana walikuwa wanacheka, wanasema gari limefungwa kama mbuzi. Lakini nimeona mafundi wa garage zingine wakiziba tundu kwa kitambaa kisicho na kamba, wakasahau, wakafunga injini na kitambaa ndani. Halafu wanamwambia mwenye gari petroli ya siku hizi ni mbaya.

Vifaa vya kutoa kitu tulitengeneza wenyewe. Kwanza sumaku. Spika ya redio ikiharibika, tulivunja sumaku yake kwa nyundo, tukabandika kipande chembamba kwenye ncha ya spoki ya baiskeli. Mjinga anashika hiyo akaisukuma ndani, na inashika ukuta. Injini ni chuma, itashika nini kingine? Nzioka alivisha ile sumaku kipande cha mpira wa kupitisha maji ya kuoshea kioo, ikabaki wazi mbele peke yake, kidogo sana. Hapo unaweza kupita kwenye shimo bila kung'ang'ana na kila ukuta. Ikiwa kilichoanguka ni shaba ama aluminiamu, sumaku ni upuuzi, utakaa hapo mpaka uote mizizi. Hapo tulitumia nta ya nyuki kwenye ncha ya fimbo. Si grisi. Grisi inateleza ikipata joto. Nta nilikuwa naleta mimi kutoka Mwala, na ni kitu pekee nilichowahi kuleta garage ambacho Nzioka alisema ni kizuri. Tena kipande cha kioo kilichovunjika, kwenye waya, cha kuchungulia kona. Na sikio. Spoki ikigusa chuma kilichofungwa, inanyamaza. Ikigusa kilicholegea, inasema kidogo. Ukiwa na redio imewashwa hutasikia.

Kulikuwa na pasta mmoja. Simtaji, na kanisa lake lilishagawanyika mara nyingi hata nikilitaja hamtajua ni lipi. Aliamua kusafisha kabureta mwenyewe nyumbani, kwa sababu alisema mambo ya mikono si magumu. Ile nati yenye masikio, inayofunga kifuniko cha hewa, ikamponyoka ikaingia. Alileta gari likivutwa na punda, jambo la kwanza la akili alilofanya. Lakini kufika, akaanza kutuharakisha. Ana mkutano. Anataka tuwashe kwa imani. Aliweka mikono yote miwili juu ya boneti akaomba kwa sauti, mpaka Nzioka akamwambia taratibu kwamba anakinga mwanga wa tochi. Ile nati ilikuwa ya shaba, imekaa juu ya mlango wa valvu, imegeuza masikio juu kama panya anayesikiliza. Nta iliitoa mara ya pili. Pasta akasema ni maombi. Jumapili tukasikia ameshuhudia. Sisi hatukuwa kwenye ushuhuda, hata punda hakuwepo.

Basi miaka ikaenda. Ilipofika elfu mbili na kitu, magari ya Kijapani yakajaa kila mahali, na yale ya zamani yakapata jina jipya. Mtu aliyekuwa anaona aibu kuendesha gari la baba yake, sasa anakuja na miwani ya jua anasema ni klasiki. Wengi walitoka Syokimau, kwenye zile nyumba mpya zinazofanana mpaka mwenyewe anahesabu mageti. Wanataka gari la zamani la kubebea bibi harusi. Hawataki lingurume, hawataki linuke petroli, hawataki litetemeke. Nikawa nawauliza sasa kwa nini usinunue kabati. Nzioka alinikataza kuuliza hivyo.

Nzioka macho yalimshinda. Alirudi Yatta kwa shamba lake, na hakukaa sana, akafa. Tulimzika na ule mkanda wa feni, si utani, bibi yake ndiye alitaka. Garage ikabaki kwa kijana wake wa kuzaa, Mbithi.

Mbithi alikua palepale garage, matako yake yalijua oili kabla ya kujua dawati. Kwa hivyo asije mtu akasema hakujua. Alijua kila kitu. Lakini aliondoa ile shuka nyeupe kwenye magari mengine, akasema inatufanya tuonekane hospitali. Akaleta redio kubwa. Na mtu akisema "imeanguka," yeye anajibu kutoka ofisini, "Nani huyo tena?" Mara ya kwanza alipouliza hivyo, nilisikia kama amemwaga maji kwenye kaburi. Baada ya muda mfupi hakuna kitu kilichokuwa kinaanguka pale. Garage nzima, mwaka mzima, mikono ya malaika. Magari tu ndiyo yalikuwa yanarudi yakigonga.

Sasa nifike kwa Mama Ndinda. Alikuwa mkunga, amestaafu hospitalini lakini wanawake wa upande wa Mwala hawakukubali astaafu. Bwana yake alimwachia gari la Uingereza la rangi ya majivu, mlango ukiufunga unasikia umefunga kweli. Akiitwa, anaenda nalo mpaka barabara inapokwisha, na mama aliyeshindwa kuzaa anarudi mjini amelala kiti cha nyuma. Bila hilo gari, ni mkokoteni wa punda. Nimeona mwanamke akiletwa na mkokoteni kwenye ile njia ya mawe. Sitaki kusema zaidi. Na injini yake, ikivunjika shafti ya ndani, hakuna nyingine. Tulishatafuta mpaka kwa wakata vyuma wa Athi River. Ikifa, limekufa.

Valvu zilivunjika springi, silinda ya tatu. Nikalichukua mimi, kwa njia ya Nzioka. Nikaingiza kamba kwenye tundu la plagi, nikapandisha pistoni ikaibana ile kamba, ili valvu zisidondoke ndani. Nikaziba mashimo yote, kamba kwenye kioo. Nikatandika shuka yangu mwenyewe. Nikatoa vibanio, vile vipande vidogo vya chuma vinavyokaa viwili viwili shingoni mwa valvu kuishika, kila kimoja ni nusu ya kucha ya kidole kidogo. Vilikuwa vinne, vyeusi kwa uzee. Nikavipanga. Nikaenda dukani kuchukua springi.

Kurudi, nikapishana getini na gari la mtu mmoja wa Syokimau, mwenye biashara ya harusi. Huyu alishamwambia Mbithi, mimi nikisikia, kwamba siku Mama Ndinda akishindwa na hiyo injini, yeye anataka bodi, ataweka injini ya Kijapani ndani. Mbithi hakumjibu, lakini alisikia vizuri sana.

Niliangalia gari langu. Kamba moja imelegea. Kitambaa chake kimewekwa juu ya betri, kimekunjwa. Kwenye shuka kuna vibanio vinne. Vitatu vyeusi. Cha nne kinang'aa kama jino la dhahabu.

Nikamuuliza Mbithi kama imeanguka.

"Nini imeanguka? Si ziko nne hapo, mzee."

Nikamwambia ziko tatu, na hii moja ni mgeni.

"Chuma ni chuma."

"Na kamba?"

"Upepo."

Upepo wa Machakos, jamani. Unafungua kamba, unatoa kitambaa, unakikunja, unakiweka juu ya betri. Halafu unaenda stoo unatafuta kibanio kipya kwenye mkebe.

Sikumchukia kwa kuangusha. Alikuwa anamwonyesha yule mtu wa Syokimau injini, akashika kitu, kikaponyoka, mkono ni mkono. Lakini baada ya kuponyoka kuna nafasi ndogo ya mtu kufungua mdomo, na hapo ndipo unajua una nani.

Basi nikasema mimi. Nikasimama katikati ya garage nikasema kwa sauti, "Imeanguka."

Redio haikuzimwa. Grinda ikaendelea kulia. Yule wa kuchomelea, tuliyekuwa naye tangu wakati wa Nzioka, aliinua ile ngao yake ya uso, akaniangalia, akaishusha tena. Kijana mmoja akacheka akauliza mzee ameangusha meno.

Mbithi akaja karibu, akapunguza sauti. Alisema nifunge, niwashe, Mama anakuja kuchukua gari lake leo. Kama kuna kitu, kitashuka chenyewe kwenye sampu, kitalala huko chini na oili, hakisumbui mtu. Hiyo ndiyo chumvi kwenye karatasi, vijana. Nimeisikia kwa mafundi wengi na hakuna aliyewahi kuisema juu ya gari lake mwenyewe.

Nilitoa waya wa betri. Nikafungua ile klempu inayoshika waya kabisa, nikaitia mfukoni, nikafunga mfuko kwa pini. Nikachukua spoki.

Nilianza kwenye lile shimo lililokuwa wazi, mahali fimbo za tapeti, zile za kusukuma valvu, zinapita kwenda chini. Ndani ni giza na oili nyeusi. Walinipigia makelele ya kila aina. Mzee anavua samaki. Mzee, huo si Mto Athi. Mbithi alipita mara nyingi akiangalia simu yake mpya, anaiwasha ile taa yake ndogo akinimulika usoni, si kwenye shimo. Nilizibwa masikio na redio yao, kwa hivyo sikuweza kusikiliza spoki. Nikaweka ncha ya juu ya spoki kwenye meno. Meno yanasikia. Hiyo hata Nzioka hakunionyesha, niliipata siku hiyo kwa hasira.

Kivuli cha posho mill kilikuwa kimeshavuka uwanja nilipokisikia kibanio kikitikisika kidogo. Kilikuwa kimesimama kwa ukingo, kando kabisa ya tapeti, juu ya shafti yenyewe. Mzunguko mmoja wa ufunguo kingeingia katikati. Nilikipoteza mara mbili. Mara ya tatu kikapanda, polepole, na sikupumua mpaka kikatoka nje. Cheusi, kizee, kama ndugu zake. Nikakiweka kwenye shuka. Sasa viko vitano, mahali pa vinne.

Mbithi aliviona. Kila mtu aliviona.

Na Mama Ndinda naye ndiye huyo anaingia getini, na kikapu chake, anasema ameitwa Mwala, kuna msichana wa uzazi wa kwanza, mapacha. Mbithi akamkimbilia, akamsalimia kwa heshima zote. Halafu akasema, mimi nikiwa hapohapo, "Utusamehe kuchelewa, Mama. Mzee hapa aliangusha kitu ndani. Unajua macho ya uzee. Lakini tumekitoa."

Tumekitoa.

Mama Ndinda aliniangalia. Alinijua siku nyingi, binti yangu Mwende alizaliwa mikononi mwake. Akaniuliza, "Baba Mwende, ni wewe uliangusha?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, lenye kucha. Lakini sheria ya Nzioka haikusema hatajwi mtu isipokuwa ukiwa na hasira. Mbele ya mwenye gari hatusemi ni nani. Yule mzee amezikwa na mkanda wa feni, mimi nitavunja neno lake kwa ajili ya kijana wake?

Nikamwambia, "Imeanguka, Mama, na imetoka. Gari ni zima. Kaa hapo dakika kidogo."

Nikafunga springi zote. Nikarudisha vibanio vinne vyeusi, kila kimoja mahali pake. Nikatoa kamba kwenye tundu la plagi, nikahesabu vitambaa na kamba zake, nikapima tapeti. Nikatoa klempu mfukoni nikarudisha betri. Mama akawasha mwenyewe. Injini ikashika mara ya kwanza, ikatulia, ikawa inasema ile sauti yake ya cherehani. Nilisikiliza mpaka nikaridhika, nikafunga boneti kwa mikono miwili. Akaenda, upande wa Mwala, bila hata kuaga vizuri, na alifanya sawa.

Watu wananiuliza mbona hukufanyiwa karamu ya kustaafu. Ningefanyiwa na nani?

Nilinawa mikono kwa mafuta ya taa kwenye karai lilelile. Nikavua ovaroli nikaitundika kwenye msumari wake. Nikachukua spoki yangu na mpira wake. Shuka niliiacha pale kwenye benchi, na kile kibanio kinachong'aa katikati yake, peke yake.

Mbithi akaniita nikiwa karibu na geti. "Mzee, na hii?"

Nikasema naenda kunywa chai.